Nyumba ya nani, shamba la nani? Jinsi mahakama hugawa mali baada ya talaka

NDOA inapovunjika mjini Kisumu au katika vijiji vilivyo kando ya Ziwa Victoria, swali la kwanza huwa la watoto. La pili huwa la nyumba. Ni nani atakayebaki ndani, na yule atakayetoka ataondoka na nini mkononi?

Wengi huingia katika afisi za mawakili wakiwa tayari na jibu lao. Wanawake wengi wamesikia kwamba Katiba ya mwaka wa 2010 iliwapa nusu ya kila kitu. Wanaume wengi nao huamini kwamba jina lililoandikwa katika hatimiliki ndilo mwisho wa mjadala. Pande zote mbili zimekosea.

Sheria ya Kenya haimpi mke nusu ya mali kwa sababu tu ni mke. Haimwachii mume kila kitu, vilevile, eti kwa kuwa jina lake ndilo linaloonekana katika karatasi. Jaji huuliza mambo mawili. Je, mali hii ni mali ya ndoa? Na ikiwa ni mali ya ndoa, kila mmoja alichangia nini ili ipatikane?

Katika eneo la ziwa maswali hayo mawili yana ugumu wake. Nyumba nyingi zimejengwa juu ya ardhi ya mababu ambayo mume mwenyewe hana hati yake, na sehemu kubwa ya jasho la wanawake haikuandikwa popote.

SHERIA YA MALKIA

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, Kenya haikuwa na sheria yake yenyewe kuhusu mali ya wanandoa. Majaji walitumia sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa, iliyotungwa enzi za Malkia Victoria, yule yule ambaye ziwa hili lilipewa jina lake. Mnamo 1971, katika kesi inayojulikana kama I dhidi ya I, Jaji Trevelyan aliamua kwamba sheria hiyo ilikuwa na nguvu nchini Kenya pia.

La kushangaza ni kwamba wakati huo Uingereza yenyewe ilikuwa imekwisha kusonga mbele. Mwaka wa 1970 bunge la huko lilikuwa limepitisha sheria iliyowaruhusu majaji kugawa upya mali ya wanandoa waliotalikiana kwa kuzingatia mahitaji yao na ya watoto. Kenya ilibaki na ile ya 1882, ambayo ilimruhusu jaji kutangaza tu ni mali ipi ni ya nani.

Chini ya sheria hiyo, aliyetoa pesa ndiye aliyekuwa na neno. Mke mwenye mshahara aliweza kuonyesha stakabadhi zake. Aliyeshinda jikoni na shambani hakuwa na la kuonyesha.

Mwanga kidogo ulionekana mwaka wa 1991, Mahakama ya Rufaa ilipoamua kesi ya Kivuitu. Majaji walikubali kwamba mke anayelipia chakula, mavazi na karo, na hivyo kumwezesha mumewe kuweka akiba ya kununua ploti, naye amechangia ununuzi huo japo si moja kwa moja. Alipewa nusu.

Mwanga huo ulififia Februari 2007. Katika kesi ya Echaria, majaji watano wa Mahakama ya Rufaa walisema kwamba kuwa mke pekee hakumpi mtu sehemu ya mali iliyo kwa jina la mumewe, na kwamba kazi za nyumbani peke yake hazitoshi. Uamuzi wa 1991, walieleza, ulihusu nyumba iliyoandikishwa kwa majina ya wote wawili. Mke katika kesi ya Echaria alikuwa amepewa nusu ya shamba na Mahakama Kuu. Akaondoka na robo. Majaji hao walilisikitikia Bunge kwa kutotunga sheria inayofaa, lakini walisema hawangeweza kuitunga wao.

Ng'ambo ya pili ya ziwa mambo yalikuwa tofauti. Tanzania ilikuwa imetunga Sheria ya Ndoa mwaka wa 1971, na mnamo 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya familia. Bi Hawa mwenyewe hakufaidika. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi naye akazifuja, hivyo alikuwa amekwisha kupata fungu lake. Lakini kanuni iliyotokana na kesi yake imewafaa wengine wengi waliomfuata, wakiwemo wa Mwanza, Musoma na Bukoba.

KATIBA NA SHERIA YA 2013

Katiba ya 2010 ilileta Kifungu cha 45(3), kinachosema kwamba wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa ndoa na wakati wa kuivunja. Hapo ndipo imani ya "nusu kwa nusu" ilipozaliwa.

Mswada wa mali ya ndoa ulipofikishwa Bungeni mwaka wa 2013, ulipendekeza umiliki wa mali hiyo uwe sawa bila kujali nani alichangia kiasi gani. Wabunge waliubadilisha. Sheria ya Mali ya Ndoa iliyotiwa saini Desemba 2013 na kuanza kutumika Januari 2014 inasema katika kifungu cha 7 kwamba umiliki hufuata mchango wa kila mmoja, na mali hugawanywa kwa msingi huo ndoa inapovunjika.

Shirikisho la mawakili wanawake, FIDA Kenya, ambalo lina afisi Kisumu, lilipinga kifungu hicho mahakamani likidai kinakiuka Katiba. Mei 2018, Jaji John Mativo alitupilia mbali ombi hilo. Alisema kuwapa watu nusu bila kuangalia mchango kungefungua mlango kwa wanaoingia katika ndoa wakitafuta mali.

Hata hivyo, sheria hiyo ya 2013 ilifanya jambo moja kubwa ambalo mara nyingi hupuuzwa katika mabishano ya nusu kwa nusu. Ilipanua maana ya neno mchango. Mbali na fedha, sasa linajumuisha kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba ya familia, kulea watoto, kuwa mwandani wa mwenzake, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shambani.

Kwa mwanamke wa Ahero anayeinama katika mpunga tangu asubuhi, au wa Usenge anayeanika omena na kurudi nyumbani kuwapikia watoto, orodha hiyo ni maelezo ya siku yake nzima.

Thamani ya kazi hiyo hupimwaje, basi? Sheria haikuweka jedwali wala kanuni ya hesabu. Jaji huangalia ndoa ilidumu miaka mingapi, nani alikuwa na mapato, nani alilipa nini, na mwenzake alifanya kazi gani iliyomwezesha yule mwingine kutafuta. Mnamo Septemba 2021, Jaji Teresia Matheka wa Mahakama Kuu ya Nakuru alisema kwamba kazi ya mama wa nyumbani ni kazi kamili inayostahili kuhesabiwa, na akaagiza mali ya wanandoa waliotengana igawanywe sawa.

Mwongozo wa mwisho ulitoka kwa Mahakama ya Juu mnamo Januari 27, 2023, katika kesi ya Ogentoto. Kesi hiyo ilikuwa imefunguliwa kabla ya sheria ya 2013 kuanza kutumika, lakini majaji walifafanua Kifungu cha 45(3) kwa ajili ya wote. Usawa, walisema, ni kila mmoja kupata haki yake bila kubaguliwa. Si agizo la kukata kila kitu katikati, na kila upande lazima uthibitishe ulichochangia.

Ajabu ni kwamba katika kesi hiyo hiyo mke alipata nusu. Mahakama Kuu ilikuwa imempa asilimia 30 ya nyumba ya familia na asilimia 20 ya nyumba za kukodisha. Mahakama ya Rufaa ikampa nusu, na Mahakama ya Juu ikaidhinisha kwa sababu ushahidi ulionyesha wote wawili walichangia. Kwa hivyo nusu inawezekana kabisa. Lakini hupatikana kwa ushahidi.

Mahakama ya Juu ya Uganda ilikuwa imefika karibu na hapo mwaka wa 2013 katika kesi ya Rwabinumi dhidi ya Bahimbisomwe.

NYUMBA JUU YA ARDHI YA BABU

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kwa wakazi wa Siaya, Homa Bay, Migori na viunga vya Kisumu.

Kwa desturi ya Waluo, kijana hujenga simba, yaani nyumba yake ya kwanza, ndani ya boma la babake. Akioa, humleta mkewe humo. Miaka ikipita huruhusiwa kuondoka na kuanzisha dala, boma lake mwenyewe, lakini mara nyingi bado huwa ni juu ya ardhi ya ukoo. Hati ya ardhi hiyo, kama ipo, huenda ingali kwa jina la babu aliyefariki miaka 30 iliyopita na mirathi yake haijafunguliwa kamwe.

Wakati huo huo, mke na mume wamebomoa nyumba ya udongo na kujenga ya matofali. Wamechimba choo, wameweka tangi la maji, wamevuta stima. Fedha zimetoka kwa mshahara wa mume Kisumu au Nairobi, na kwa biashara ya mke sokoni Kibuye.

Sheria ya 2013 inaeleza kwamba nyumba ya ndoa ni mali inayomilikiwa au kukodishwa na mmoja wa wanandoa au wote wawili, na ambayo wanaitumia kama makao ya familia. Ardhi ya babu haimilikiwi na yeyote kati yao. Tena kifungu cha 6 kinasema wazi kwamba mali inayoshikiliwa kwa amana, ikiwemo amana ya kimila, si sehemu ya mali ya ndoa. Kifungu cha 5 nacho hutenga mali ya urithi na ile ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kuoa au kuolewa.

Jaji hawezi kugawa kisicho cha wanandoa. Hawezi kumkatia mke aliyetalikiwa ekari moja kutoka kwa ardhi ambayo ndugu wanne wa mumewe na watoto wao wanaitegemea. Hapo ndipo wanawake wengi hushtuka: wameishi miaka 20 katika nyumba waliyoijenga kwa mikono yao, kisha wanaambiwa kwamba mbele ya sheria nyumba hiyo haina mwenye wa kushtakiwa.

Iwapo ardhi tayari imeandikishwa kwa jina la mume kama urithi wake, mlango mwingine upo. Kifungu cha 9 kinasema kwamba mwanandoa aliyechangia kuendeleza mali ya mwenzake isiyokuwa mali ya ndoa hupata fungu linalolingana na mchango huo. Mke hatapewa shamba, lakini anaweza kudai thamani ya alichoongeza: nyumba, ua, miti, kisima. Hapo ushahidi wa mthamini huwa na uzito kuliko ushahidi wa mtu mwingine yeyote.

Kifungu cha 11 kina jambo lingine ambalo halijulikani sana. Kinasema kwamba wakati wa kugawa mali, sheria ya kimila ya jamii husika huzingatiwa mradi haikiuki Katiba. Miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa ni haki za vizazi vijavyo juu ya ardhi ya jamii na ya mababu, na pia haki ya mke au aliyekuwa mke kuifikia na kuitumia ardhi hiyo. Yaani anaweza kuruhusiwa kulima bila kumiliki.

Katika maisha ya kawaida ya kijijini, ruhusa hiyo si rahisi kuitumia. Kwa mila, talaka ilikamilika kwa kurudishwa ng'ombe wa mahari, na hesabu yake ilipungua ikiwa watoto walizaliwa. Mwanamke alirudi kwao. Kumwambia aendelee kulima karibu na nyumba ya mama mkwe wake wa zamani ni kumtuma katika ugomvi wa kila asubuhi.

Lakini wanaotumia mila kumnyima mke kila kitu husahau upande wake wa pili. Mwanamume wa Kiluo hawezi kuanzisha dala bila mke. Siku ya kuhamia, yeye hubeba jogoo, mwanawe wa kwanza hubeba shoka, na mke hubeba moto. Mila ambayo haiwezi kuhesabu boma kuwa boma bila mwanamke ni vigumu kuitumia kama ushahidi kwamba mwanamke huyo hakuchangia chochote.

PLOTI MJINI, MTUMBWI UFUONI

Kwa mali iliyonunuliwa mjini, hali ni nyepesi zaidi. Ploti ya Mamboleo, Riat au Nyamasaria iliyonunuliwa wakati wa ndoa huwa na mauzo, makubaliano, na hati. Kifungu cha 14 kinasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa anaishikilia kwa niaba ya mwenzake pia, mpaka athibitishe vinginevyo. Ikiwa ni kwa majina yote mawili, huchukuliwa kwamba fungu lao ni sawa, ingawa hilo nalo laweza kupingwa kwa ushahidi.

Madeni pia hugawanywa. Chukua mfano wa wanandoa waliojenga nyumba za kukodisha zenye thamani ya Sh8 milioni kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na Sh2 milioni bado hazijalipwa. Kinachobaki cha kugawa ni Sh6 milioni. Anayedai nusu ya Sh8 milioni na kumwachia mwenzake mkopo wote hatafaulu, kwa kuwa kifungu cha 10 kinataka wanandoa wabebe kwa pamoja deni lililochukuliwa kwa manufaa ya ndoa.

Ufuoni mambo ni mengine tena. Katika fuo kama Dunga, Mbita au Usenge, mtumbwi, injini na nyavu ndizo mali kubwa kuliko nyumba. Kwa kawaida wavuvi ni wanaume, nao wanawake hununua samaki, huwakausha na kuwapeleka sokoni. Faida ya omena ndiyo mara nyingi hununua nyavu mpya zile za zamani zinapochakaa. Lakini mtumbwi husajiliwa kwa jina la mume, na fedha zilipita mkononi bila stakabadhi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanawake wa ufuo wa Nduru karibu na Kisumu walipata mitumbwi yao wenyewe kupitia mradi wa kupiga vita jaboya, ile biashara ya kubadilisha ngono kwa samaki. Lengo lake halikuwa talaka. Hata hivyo ulionyesha tofauti kati ya mwanamke anayefadhili mtumbwi wa mwingine na mwanamke ambaye jina lake ndilo liko katika usajili. Mbele ya jaji, wa kwanza hueleza na wa pili huonyesha karatasi.

Mkulima wa mradi wa unyunyizaji wa Ahero ana shida ya aina nyingine. Shamba lake la mpunga si mali yake bali amepewa kibali cha kulilima. Mahakama inaweza kugawa mavuno na vifaa, lakini si ardhi yenyewe.

MIKAYI NA NYACHIRA

Ndoa ya wake wengi ingalipo kote katika eneo hili, na Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inaitambua kwa wanaooana kimila. Kugawa mali katika ndoa kama hiyo huhitaji kalenda.

Kifungu cha 8 kinasema kwamba mali iliyopatikana na mume pamoja na mke wa kwanza, kabla ya mume kuoa mke mwingine, hubaki kuwa yao wawili kwa usawa. Mali iliyopatikana baada ya hapo huwa ya mume na wake wote, kwa kuzingatia mchango wa kila mmoja. Na iwapo ni wazi kwamba mke fulani na mume walikubaliana kuwa na mali yao kando na ya wake wengine, mali hiyo huheshimiwa hivyo.

Tuseme mume na mikayi, yaani mke wa kwanza, walinunua ploti Kondele mwaka wa 2015. Mume akamwoa nyachira, mke wa pili, mwaka wa 2019. Mwaka wa 2021 wakajenga duka juu ya ploti ile ile kwa fedha za biashara ya nyachira. Talaka ikitokea, ploti ni ya mume na mikayi, nusu kwa nusu. Duka ni suala lingine, na nyachira ana haki ya kudai kilicho chake ndani yake.

Katika sehemu hii neno "usawa" limeandikwa bila masharti ya mchango, nayo inamlinda mke wa kwanza dhidi ya kuliwa na ndoa zilizofuata. Wengi wa wake hao hawajui kwamba ipo.

Kwa Waislamu, wakiwemo wa Kisumu, sheria inaruhusu suala la mali liamuliwe kwa sheria ya Kiislamu. Wanandoa wanaweza pia kuandika makubaliano kuhusu mali kabla ya kuoana, na mahakama itayafuata isipokuwa yawe yalipatikana kwa udanganyifu, kwa kulazimishwa au yawe yanadhulumu waziwazi. Mjane naye asijichanganye na mtalikiwa: haki zake zimo katika sheria ya urithi, na kwa jumla ni pana zaidi.

WALIOISHI PAMOJA BILA NDOA

Katika mitaa kama Nyalenda, Manyatta na Obunga, wapo wengi ambao hawajawahi kufunga ndoa ya aina yoyote. Siku ile ile ya kesi ya Ogentoto, Mahakama ya Juu iliamua kesi nyingine ya mwanamke na mwanamume walioishi pamoja kwa miaka mingi. Majaji walisema dhana kwamba watu walioishi pamoja ni mume na mke inafaa kutumiwa kwa nadra sana, na kwamba wawili hao hawakuwa wanandoa. Lakini hawakumwacha yeyote mikono mitupu. Kwa kuwa wote walichangia ploti iliyobishaniwa, waligawanya asilimia 70 kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume.

USHAHIDI NDIO MZANI

Ukisoma uamuzi mmoja baada ya mwingine, unaona kwamba majaji hawatofautiani sana kuhusu sheria. Kinachobadilisha mgao ni kile kilicholetwa mbele yao.

Risiti za duka la vifaa vya ujenzi zenye jina la aliyenunua, taarifa za akaunti, daftari la chama linaloonyesha zamu ya mama fulani iliangukia mwezi ule ule mabati yaliponunuliwa, karo zilizolipwa benki, na kumbukumbu za M-Pesa, vyote vina uzito. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007, na kwa wengi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza senti ndogo ndogo za sokoni kuacha alama. Waliojenga kabla ya hapo hutegemea zaidi mashahidi: fundi aliyelipwa na mke, jirani aliyemwona akibeba mchanga, watoto waliokuwa wakubwa.

Asiye na hata moja kati ya hayo bado anaweza kufungua kesi, kwa sababu kazi ya nyumbani haina risiti na sheria inalijua hilo. Lakini lazima aieleze kwa kina katika hati ya kiapo. Kusema "nilikuwa mke mwema" hakusaidii. Kusema kwamba alilea watoto watano peke yake huku mume akifanya kazi Mombasa kwa miaka minane, akilima, akiuza, na kusimamia mafundi, ni mchango unaoweza kupimwa.

Mchango ukishapimwa, jaji ana njia kadhaa za kutekeleza. Anaweza kuagiza mali iuzwe na fedha zigawanywe, mmoja amlipe mwenzake fungu lake na kubaki na nyumba, au kila mmoja apewe mali tofauti zenye thamani inayolingana. Ya pili hupendelewa palipo na watoto wadogo, lakini hukwama ikiwa anayetaka kubaki hana fedha za kumlipa mwenzake. Baadhi ya kesi hupelekwa kwanza katika upatanishi unaoratibiwa na mahakama, na huko pande mbili huweza kukubaliana mambo ambayo jaji hangeweza kuyaagiza, kwa mfano baba mkwe kukubali nyumba ibaki kwa ajili ya watoto.

Tatizo ambalo sheria haijalimaliza ni muda. Kesi ya Ogentoto ilifunguliwa kabla ya 2014 na ikamalizika 2023. Katika miaka yote hiyo kodi hukusanywa na mmoja, nyumba huchakaa, na shamba huweza kuuzwa kisirisiri.

Kwa hilo la mwisho kuna kinga. Kifungu cha 12 kinakataza mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzake. Na yule anayehofu kwamba idhini yake itaghushiwa hahitaji kungoja talaka. Kifungu cha 17 kinamruhusu kuiomba mahakama itangaze haki zake hata ndoa ingalipo, na afisi ya usajili wa ardhi inaweza kupokea ombi lake la kuwekea hati zuio, ili mnunuzi yeyote atakayefanya upekuzi aone kwamba kuna mtu mwingine anayedai fungu katika ploti hiyo.